Wafalme wawili kizuizini: Ubelgiji, Rwanda na vita vilivyopita Ngara na Biharamulo

BOMA la Wajerumani lililopo Biharamulo, mkoani Kagera, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la mfalme wa Ulaya ambaye hakuwahi kuliona. Mwaka 1916 eneo hilo lilitekwa kwa jina la mfalme mwingine wa Ulaya, naye hakuliona. Baada ya vita likaangukia mikononi mwa watumishi wa mfalme wa tatu, ambaye pia alikufa bila kufika huko.

Wa kwanza alikuwa Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, wa pili Albert I wa Ubelgiji na wa tatu George V wa Uingereza.

Ng'ambo ya Mto Kagera, katika nchi ambayo mkazi wa Ngara aliyesimama Rusumo huiona kwa macho, alikuwapo mfalme wa nne, Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda. Huyu ndiye pekee kati yao aliyekuwa mwenyeji wa ukanda huo, na ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza mipaka ipite wapi.

Kati ya familia tatu za Ulaya, ni ya Uingereza tu iliyovuka vita viwili vikuu vya dunia bila mfalme wake kupoteza kiti kwa sababu ya vita. Ya Ujerumani ilikimbia. Ya Ubelgiji ilitekwa na adui na, baada ya kuachiwa huru, mfalme wake akakataliwa na sehemu kubwa ya raia wake. Ya Rwanda ilihamishwa na Wabelgiji hao hao, ikapinduliwa, na malkia wake wa mwisho akauawa mwaka 1994, siku nane tu kabla ya Ngara kupokea wimbi la wakimbizi lililoishangaza dunia.

Hatima za familia hizo za Ubelgiji na Rwanda zimefungamana kuliko inavyodhaniwa, na fundo lake lilifungwa katika vita vilivyopita Ngara na Biharamulo.

Mlango wa Rusumo

Wageni wenye silaha walianza kupita katika eneo hilo kabla ya vita vya 1914. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Mto Nile, alizuiwa kwa wiki kadhaa katika nchi ya Usui, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Biharamulo ya leo, hadi alipomlipa mtawala wake, Suwarora, hongo iliyomridhisha. Enzi hizo mfalme mwenyeji bado aliweza kumsimamisha Mzungu njiani na kumtoza.

Miaka 33 baadaye hali ilikuwa imebadilika. Mwanzoni mwa Mei 1894, Gustav Adolf von Götzen, kabaila na ofisa wa jeshi la Ujerumani, aliuvuka Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo akiwa na msafara wa askari na wapagazi. Mwishoni mwa mwezi huo alionana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Götzen huyo ndiye aliyekuja kuwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na alikuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905.

Rwabugiri alifariki dunia mwaka 1895. Mrithi aliyekuwa amemteua alipinduliwa mwaka uliofuata huko Rucunshu, katika njama iliyoongozwa na mama yake Musinga pamoja na ndugu zake, na kijana Musinga akawekwa kwenye kiti. Utawala uliopatikana kwa njia hiyo ulikuwa na maadui wengi nyumbani na ulihitaji mlinzi. Wajerumani nao, waliokuwa wachache mno kuitawala Rwanda wenyewe, walihitaji mfalme wa kutawalia. Makubaliano yakapatikana bila shida.

Mfalme kwenye matope, jeshi lake Biharamulo

Agosti 4, 1914 majeshi ya Kaizari Wilhelm yaliivamia Ubelgiji, nchi iliyokuwa imetangaza kutofungamana na upande wowote. Ndani ya miezi mitatu karibu nchi yote ilikuwa imetekwa. Mfalme Albert, aliyekuwa mwenyewe amiri jeshi, alikataa kukimbilia nje. Alirudi nyuma hadi kwenye pembe ndogo ya nchi iliyobaki kando ya bahari, malango ya maji ya Nieuwpoort yakafunguliwa, na bonde la Mto Yser likafurika na kuwa kizuizi ambacho Wajerumani hawakukivuka. Kwa miaka minne makao ya mfalme yalikuwa De Panne, kijiji cha pwani kilicho karibu na uwanja wa mapambano.

Malkia Elisabeth, mkewe, alikuwa na mtihani wake. Alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Bavaria, hivyo ndugu zake wa damu walikuwa upande wa adui. Alibaki na mumewe na kujishughulisha na hospitali ya majeruhi. Mtoto wao mkubwa, Leopold, aliingizwa jeshini kama askari wa kawaida mwaka 1915 akiwa na miaka 13, kisha akapelekwa kusoma Uingereza.

Picha ya mfalme aliyekaa na askari wake ilienea duniani kote. Isiyojulikana sana ni kwamba wakati akiwa amebaki na kipande kidogo cha nchi yake, jeshi lake la koloni lilikuwa likiteka nchi za watu Afrika.

Jeshi hilo lilikuwa la Kongo. Maofisa wake walikuwa Wazungu, lakini askari na wapagazi walikuwa Waafrika. Aprili 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur, lilianza kuingia katika koloni la Wajerumani. Kigali ilitekwa Mei 6. Wajerumani waliondoka bila kuweza kumsaidia rafiki yao Musinga, naye akalazimika kuwapokea mabwana wapya.

Kutoka Rwanda, kikosi cha kaskazini kilichoongozwa na Kanali Philippe Molitor kilielekea mashariki na kusini kuifuata njia ya Ziwa Victoria. Biharamulo ilichukuliwa Juni 1916. Mapema Julai, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka upande wa Bukoba walikutana na kikosi hicho huko Kato wakashindwa, na kamanda wao, Gudowius, akatekwa. Septemba 19, 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.

Tombeur alipewa baadaye cheo cha ubaroni kilichobeba jina la Tabora. Waliobeba risasi na unga kutoka Kivu hadi huko hawakupewa cheo chochote, na wengi wao hawakurudi makwao.

Kwa wakulima na wafugaji wa Usui, Bugufi na vijiji jirani, vita vya wafalme wa Ulaya vilikuwa na maana nyepesi kueleweka: chakula kilichukuliwa, ng'ombe walichukuliwa, na wanaume wenye nguvu walichukuliwa kubeba mizigo.

Upande wa Ujerumani mwisho ulikuja haraka. Novemba 9, 1918 ilitangazwa mjini Berlin kwamba Kaizari amejiuzulu, na kesho yake akavuka mpaka kuingia Uholanzi. Mwanawe Joachim alijiua mwaka 1920, na mkewe, Auguste Viktoria, alifariki mwaka uliofuata. Wilhelm mwenyewe aliishi katika jumba la Doorn hadi Juni 4, 1941, akiwa ameshuhudia askari wa Ujerumani, safari hii wakiwa wa Hitler, wakiiteka nchi iliyompa hifadhi. Hakurudishiwa kiti.

Mpaka uliochorwa mezani

Albert aliingia Brussels kwa shangwe Novemba 22, 1918. Serikali yake ilitaka malipo ya ushindi wa Afrika. Mei 30, 1919 Waingereza na Wabelgiji walitia saini mapatano yaliyojulikana kwa majina ya wajumbe wao, Milner na Orts. Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi. Maeneo mengine iliyokuwa ikiyashikilia mashariki mwake ilikubali kuyaacha, na mwaka 1921 ikayakabidhi kwa Waingereza, waliokuwa wameanza kuliita koloni hilo Tanganyika.

Mapatano hayo yalikuwa na kasoro mbili ambazo Ngara ilikaa nazo karibu.

Ya kwanza ni Gisaka, eneo la mashariki ya Rwanda linalotazamana na Ngara. Waingereza walilitaka kwa sababu walikuwa wakiota reli kutoka Cape hadi Cairo, na wapimaji wao waliona njia nzuri ingepita huko. Musinga alilalamika kwamba amenyang'anywa sehemu ya ufalme wake. Wamisionari Wakatoliki, wakiongozwa na Askofu Léon Classe, walimuunga mkono, na Shirikisho la Mataifa likakubali. Tangu mwanzo wa mwaka 1924 Gisaka ilirudi Rwanda na Mto Kagera ukawa mpaka. Reli yenyewe haikujengwa.

Ya pili ni Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyo ndani ya Wilaya ya Ngara, ambayo kwa lugha, mila na utii wa zamani ilikuwa karibu zaidi na Burundi. Hii ilibaki Tanganyika. Mwami Mwambutsa wa Burundi hakuridhika, na baada ya Vita vya Pili suala hilo lilifikishwa hadi Umoja wa Mataifa, lakini mstari haukusogezwa. Mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka aliendelea kuwatembelea kwa njia za miguu ambazo hazimo kwenye ramani ya Milner wala ya Orts.

Musinga alipata Gisaka, lakini karibu miaka minane baadaye akapoteza kila kitu. Alikataa kubatizwa, aliwashuku wamisionari, na Wabelgiji walimwona kuwa mzee wa mambo ya kale asiyetaka kushirikiana. Askofu Classe aliyemtetea kuhusu Gisaka sasa aliunga mkono aondolewe. Novemba 12, 1931 serikali ya kikoloni ilimvua ufalme na kumweka mwanawe Rudahigwa, aliyechukua jina la Mutara III. Musinga alihamishiwa Kamembe, kusini magharibi mwa nchi, na huko, Juni 29, 1936, akazaliwa mwanawe Ndahindurwa.

Mwaka 1944

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Ubelgiji ilikuwa chini ya Leopold III, yule kijana aliyevaa sare za jeshi akiwa na miaka 13. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1934 kwa kuanguka alipokuwa akipanda majabali. Mkewe, Malkia Astrid, aliyependwa mno na Wabelgiji, alifariki mwaka 1935 katika ajali ya gari huko Uswisi, gari likiendeshwa na mfalme mwenyewe. Alimwachia watoto watatu: Joséphine-Charlotte, Baudouin na Albert.

Mei 10, 1940 Wajerumani walivamia tena. Safari hii hapakuwa na Yser ya kuwazuia. Mei 28 Leopold, kama amiri jeshi, alisalimisha jeshi lake. Mawaziri wake walimsihi aondoke nao waendeleze vita kutoka nje, akakataa na kusema mahali pake ni pamoja na askari wake na watu wake. Pengine aliukumbuka mfano wa baba yake. Lakini Albert alibaki na kipande cha nchi huru na jeshi lililopigana. Leopold alibaki mateka katika kasri lake la Laeken. Serikali ikahamia London na kuendesha vita kwa utajiri wa Kongo, pamoja na shaba na urani yake.

Mambo mawili yalimharibia jina. Novemba 1940 alikwenda kuonana na Hitler huko Berchtesgaden. Mwaka 1941 akamwoa Lilian Baels, binti wa mwanasiasa, wakati maelfu ya askari wake walikuwa bado kwenye kambi za wafungwa Ujerumani. Raia waliomhesabu kuwa mfungwa mwenzao walijiuliza ni mfungwa gani huyo anayefanya harusi. Mama yake, Malkia Elisabeth, naye alibaki Ubelgiji, lakini yeye alitumia jina lake la Kijerumani kuwaombea Wayahudi wasipelekwe kwenye kambi za mauaji, jambo ambalo taifa la Israel lilimtambua kwalo mwaka 1965.

Siku iliyofuata baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy, yaani Juni 7, 1944, Leopold alichukuliwa kwa amri ya Wajerumani na kupelekwa katika ngome ya Hirschstein, kando ya Mto Elbe. Mkewe na watoto wakamfuata chini ya ulinzi. Baudouin alikuwa na miaka 13. Machi 1945 walihamishiwa Strobl, Austria, ambako askari wa Marekani waliwakuta na kuwafungua Mei 7.

Wakati huo huo, mfalme mwingine alikuwa akishikiliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Ubelgiji ilipotekwa mwaka 1940, utawala wake wa Afrika uliingiwa na hofu kwamba Musinga, rafiki wa zamani wa Wajerumani, anasubiri warudi wamrejeshee kiti. Akiwa Kamembe alikuwa bado ndani ya Rwanda, na watu waliendelea kumtembelea kwa siri. Mwaka huo akaondolewa kabisa nchini na kupelekwa Moba, kwenye pwani ya Kongo ya ziwa hilo. Ndahindurwa, mtoto wa miaka minne, alikwenda naye.

Rwanda yenyewe ilikuwa kwenye hali mbaya. Mwaka 1943 na 1944 ilikumbwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Ruzagayura, iliyotokana na ukame na kuzidishwa na kazi za lazima na mazao yaliyotakiwa kwa ajili ya vita. Wengi walikufa, na wengine walikimbilia nchi jirani.

Musinga alifariki Moba mwaka 1944. Mwaka huo, mfalme wa nchi iliyomfunga alikuwa naye mfungwa. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akimtazama baba yake akilindwa na askari wa taifa jingine, na kila mmoja wa watoto hao alikuwa mfalme mtarajiwa ingawa hapakuwa na aliyejua hilo kwa upande wa yule wa Moba.

Wana wawili wa wafungwa

Leopold hakuweza kurudi moja kwa moja. Ndugu yake, Charles, alikuwa ameshikilia madaraka ya mfalme tangu Septemba 1944, na nchi iligawanyika. Aliishi Uswisi hadi kura ya maoni ya Machi 12, 1950, ambayo asilimia 57.68 walitaka arudi. Ushindi huo ulificha mpasuko: Waflemi wengi walimtaka, Wawaloni wengi walimkataa. Aliporejea Julai mwaka huo, migomo ilizuka, na Julai 30 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Grâce-Berleur na kuua. Leopold akakubali kumwachia mwanawe madaraka, na Julai 16, 1951 akajiuzulu rasmi. Baudouin akaapishwa kesho yake, akiwa na miaka 20. Hivyo vita vilivyokwisha mwaka 1945 vilimng'oa mfalme miaka sita baadaye.

Rwanda, Mutara Rudahigwa alifanya yale ambayo baba yake aliyakataa. Alibatizwa mwaka 1943, akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme mwaka 1946, na mwaka 1954 akaanza kuvunja mfumo wa ubuhake uliowafunga watu kwa mabwana wenye ng'ombe. Mkewe wa pili, Rosalie Gicanda, alimwoa mwaka 1942. Hawakupata mtoto. Julai 25, 1959, akiwa Usumbura, mji wa Burundi unaoitwa sasa Bujumbura, Rudahigwa alifariki ghafla baada ya kuonana na daktari Mzungu, na tetesi za kuwa aliuawa hazijapata kuisha.

Katika mazishi yake huko Mwima, karibu na Nyanza, wazee wa jadi walimtangaza mdogo wake kuwa mfalme bila kuwapa Wabelgiji nafasi ya kujadili. Mfalme huyo ndiye Ndahindurwa, mtoto wa Moba, sasa akiwa na miaka 23 na jina la Kigeli V.

Alitawala muda mfupi. Novemba 1959 machafuko ya Wahutu na Watutsi yalilipuka, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Maofisa wa Ubelgiji, waliotawala kwa miaka mingi kupitia tabaka la Watutsi, sasa walihamia upande wa vyama vya Wahutu. Kigeli aliondoka nchini Julai 1960 kwenda Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kumwona Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld. Januari 28, 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama akiwa nje. Alirudi kwa siri Septemba mwaka huo, kabla ya kura ya maoni ya Septemba 25 iliyoukataa ufalme. Wabelgiji wakamkamata na kumfukuzia Tanganyika.

Hivyo serikali iliyofanya kazi kwa jina la Baudouin, mtoto wa Hirschstein, ndiyo iliyomfungia mlango mtoto wa Moba.

Tanganyika aliyoingia Kigeli ilikuwa wiki chache tu kabla ya uhuru wake wa Desemba 9, 1961. Aliishi Dar es Salaam, kisha Kampala na Nairobi. Raia wake waliomfuata walikuwa wengi, na Ngara ikawa miongoni mwa makazi yao: huko Muyenzi serikali ilifungua makazi ya Watutsi waliokimbia, wakapewa ardhi ya kulima. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilifungua njia ya uraia kwa makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wa kizazi hicho. Inafaa kukumbuka pia kwamba Tanganyika iliyompokea mfalme huyo ilifuta kisheria madaraka ya machifu wake yenyewe mwaka 1963, wakiwamo wa Usui na Bugufi, na haikuhitaji kumwaga damu.

Burundi haikusalimika. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwambutsa aliyeshinda uchaguzi wa kuelekea uhuru, aliuawa kwa risasi Oktoba 13, 1961. Mwambutsa alipinduliwa na mwanawe Ntare V mwaka 1966, na Ntare naye akapinduliwa na Michel Micombero kabla mwaka haujaisha. Ntare aliuawa Gitega Aprili 29, 1972, katika siku za mauaji yaliyoleta wimbi la Warundi Tanzania.

Malkia wa Butare

Rosalie Gicanda hakukimbia. Baada ya ufalme kufutwa aliondolewa Nyanza akahamia Butare, na huko akaishi kwa miaka mingi na mama yake na wanawake waliomtumikia, akiwa mcha Mungu asiyejihusisha na siasa. Wapita njia walijua kuwa ni malkia, na hiyo ndiyo ilikuwa hatia yake.

Mauaji ya kimbari yalianza Aprili 1994. Butare ilichelewa kuungua kwa sababu mkuu wake wa mkoa aliyapinga, hadi alipoondolewa. Aprili 20 askari walifika nyumbani kwa Gicanda, wakamchukua pamoja na wanawake wengine wa nyumba hiyo na kuwapiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 66. Siku chache baadaye mama yake, kikongwe, naye aliuawa.

Siku nane baada ya kifo cha malkia, Aprili 28, walinzi wa mpaka wa Rusumo waliona barabara ya Rwanda ikifunikwa na watu. Ndani ya saa 24 watu wapatao 250,000 waliingia Ngara, idadi ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijapata kuiona kwa kasi hiyo. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, na ndani yao walikuwamo waliotoka kuua. Kambi ya Benaco ilizaliwa kwa siku moja, zikafuata Lumasi na nyinginezo. Chini ya daraja, maji ya Kagera yaliendelea kuteremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria.

Wakazi wa Ngara walijikuta wachache katika wilaya yao. Misitu ilikatwa kwa kuni, visima vikakauka, bei za vyakula zikapanda, ingawa wapo pia waliopata ajira na soko. Karibu nusu milioni ya Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, kwa njia ile ile ya Rusumo.

Kesi ya malkia ilikuja kuamuliwa Tanzania. Kapteni Ildephonse Nizeyimana, ofisa wa jeshi aliyekuwa Butare, alikamatwa Kampala Oktoba 2009 na kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, mjini Arusha. Juni 19, 2012 alihukumiwa kifungo cha maisha, kuuawa kwa Gicanda kukiwa miongoni mwa makosa yake. Mahakama ya rufaa ilipunguza adhabu hiyo kuwa miaka 35 mwaka 2014.

Baudouin alifariki Julai 31, 1993, akiwa hajaiona Rwanda ya 1994. Aprili 2000 aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, aliomba radhi Kigali kwa niaba ya nchi yake.

Kigeli alipewa hifadhi Marekani mwaka 1992, akaishi Virginia bila mke wala mtoto, akipokea misaada na kutoa nishani za ufalme usiokuwapo. Alifariki Oktoba 16, 2016 akiwa na miaka 80. Ndugu zake waligombania mwili wake hadi mahakama ya Virginia ikaamua urudishwe Rwanda. Januari 15, 2017 alizikwa Mwima, mahali pale pale alipotangazwa kuwa mfalme, karibu na kaka yake Rudahigwa. Baba yao, Musinga, hayumo katika makaburi hayo.